Ukurasa wa kwanza wa daftari la udi: upange kama kanga

Kazi yangu ni hina na piko. Nikitoka kwa bibi harusi saa nne au saa tano za usiku, vidole vyangu bado vinanukia mafuta ya mkaratusi. Udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, nimeanza kujifunza ukubwani, hapa Unguja, siku mbili kwa wiki baada ya alasiri. Siku zilizobaki napiga nyumbani peke yangu, na hapo ndipo daftari linapokuwa mwalimu wa pili.

Daftari langu la mwanzo nililipamba kama ninavyopamba mkono wa harusi. Maua kona hadi kona, majani, vitone, yote kwa maka peni nyeusi. Maalim alilifungua, akalitazama kwa muda, akasema, "Maua mazuri, mwanangu. Sasa nioneshe, nyuzi umezilinganisha vipi?" Sikuwa nimeandika popote. Na nilipofunua ukurasa wa pili, wino ulikuwa umepenya na kulifunika zoezi la kwanza alilonipa.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja: ukurasa wa kwanza wa daftari la mazoezi uwe mzuri wa kutazama, na uzuri huo uwe jibu la swali la Maalim kabla hujaushika udi. Nitaeleza ninavyoufanya. Ukipiga fidla au ganuni utabadilisha namba, mpango utabaki.

Mpango wenyewe umo kabatini mwa mama yako. Kanga ina sehemu tatu: pindo inayozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yaliyomo kwenye kisanduku chini ya mji. Kanga inalala kwa upana na ukurasa unasimama kwa urefu, lakini macho yanazisoma sehemu zile zile. Pindo itakuwa pambo tupu, mji utabeba nyuzi na maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, na jina litakuwa neno lako la kukusukuma ukae chini upige.

Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo nilipoharibu. Mimi natumia kaunta buku ya saizi ya A4, jalada gumu, ya mistari. Karatasi yake ni nyepesi, haihimili wino mzito. Nunua manila nyeupe moja; maduka ya vitabu ya Darajani yanazo. Kata kipande cha sentimita 20 kwa 29 ukibandike juu ya ukurasa wa kwanza, ukiacha sentimita moja tupu upande wa mshono, la sivyo daftari litagoma kufunguka. Gundi iwe ya kijiti. Ya maji inalowesha karatasi ikakunjamana. Ukishabandika, weka mfuko wa nailoni juu yake ili kurasa zisishikane, funga daftari, kisha lilaze chini ya kitu kizito. Langu nililaza chini ya sinia na kinu juu yake, usiku mzima. Wakati wa masika naliacha siku mbili, kwa sababu hewa yenyewe imelowa.

Sasa penseli na rula. Piga mstari kuzunguka manila, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Hiyo ndiyo nafasi ya pindo, na ndani yake umebaki na upana wa sentimita 17. Chini, juu kidogo ya pindo, tenga kisanduku cha kimo cha sentimita 2 kwa ajili ya jina. Usiandike kitu bado.

Kazi yenye utamu ni mji. Udi ninaojifunza una nyuzi 11: jozi tano, na uzi mmoja mnene uliosimama peke yake. Kwa hiyo mkono unahesabu safu sita. Na bikari, ile ya kwenye mkebe wa hesabu wa skuli, inachora ua la petali sita bila kukuuliza ulipata ngapi kwenye mtihani wa kuchora. Siku nilipoona hizi sita mbili zimekutana nilicheka peke yangu sebuleni.

Tia alama katikati ya mji: sentimita 10 kutoka upande wowote wa manila, na sentimita 13 na nusu kutoka juu. Fungua bikari sentimita 6, kaza skrubu, chora duara. Usiibadilishe tena. Weka sindano juu kabisa ya duara, pale penye saa sita, uchore tao kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Litapita katikati barabara. Pale tao lilipogusa duara, hamishia sindano hapo, chora tao jingine. Endelea hivyo mara sita na utarudi ulikoanza. Ikiwa tao la mwisho halikutani na la kwanza, bikari imelegea njiani. Futa, kaza, anza upya. Usijaribu kulirekebisha kwa mkono. Kosa la milimita mbili kwenye ua la namna hii linaonekana kutoka mlangoni.

Una petali sita. Ile ya juu iwe uzi mnene: ipitishie wino mstari mmoja tu. Zile tano nyingine zipe mistari miwili, mmoja ndani ya mwenzake, kwa sababu nyuzi zake ni jozi. Kisha, kuanzia juu na kuzunguka kama saa inavyokwenda, andika sauti ndani ya kila petali: do, fa, la, re, sol, do. Huo ndio mlinganisho ninaofundishwa, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, na ni wa kawaida kwa udi wa Kiarabu. Kama mwalimu wako analinganisha kwa njia nyingine, andika yake. Fidla inatumia petali nne tu za ua hili: sol, re, la, mi, au sol, re, sol, re kwa wanaofuata desturi ya Kiarabu, zile mbili zilizobaki zijaze vitone.

Baina ya petali kuna nafasi sita zenye umbo la upepeo. Hizi ni za maqamu. Mimi nimezipanga rasti, bayati, hijazi, nahawandi, saba na sika. Kila nafasi inachukua jina la maqamu na sauti zake za mwanzo. Bemoli hushusha sauti nusu hatua, dayezi huipandisha. Rasti: do, re, mi nusu bemoli, fa. Bayati: re, mi nusu bemoli, fa, sol. Hijazi: re, mi bemoli, fa dayezi, sol. Ile nusu bemoli iandike kwa alama ya bemoli iliyokatwa kistari, maneno yote hayatoshi. Na iandike kubwa kuliko nyingine. Hiyo ndiyo sauti inayonihangaisha, ipo baina ya mi na mi bemoli, na udi hauna vigawanyo shingoni vya kukuonesha pa kuweka kidole. Jicho likikumbushwa, kidole kinajihadhari.

Lakini usizijaze nafasi hizi siku ya kwanza. Ziandike kwa penseli, wepesi. Maalim akiridhika na maqamu moja, ndipo unapoipitishia wino na kuipaka rangi nyekundu. Bibi harusi wengi wanataka nijaze mkono wote, na mimi huwaambia ngozi iliyoachwa wazi ndiyo inayolionesha ua. Ukurasa nao ni hivyo.

Rangi, chukua mbili tu, nyekundu na nyeusi, weupe wa manila ukiwa wa tatu. Ni rangi za kisutu, kanga ya harusi, na hazijawahi kumchosha mtu. Tumia kalamu za jeli, si maka peni. Anza juu kushoto ushuke kulia ili kiganja kisiburure wino mbichi. Mwenye kutumia mkono wa kushoto aanze kulia. Acha robo saa kabla ya kufuta penseli.

Pindo haina siri kubwa. Mimi napenda korosho, lile umbo lililopinda ambalo kanga nyingi zinalo. Kata korosho moja ya manila yenye kimo cha sentimita moja hivi, iwe kigezo chako. Chora kwanza za kona nne, halafu moja katikati ya kila upande, ndipo ujaze baina yake. Ukianzia kona moja na kwenda moja kwa moja, ya mwisho itabanwa. Ukichoka na korosho, tembea Mji Mkongwe utazame milango: minyororo, mawimbi na maua ya yungiyungi yamechongwa pale, yanakungojea.

Milango hiyo imenifundisha jambo jingine. Mingi ina maandishi kwenye kizingiti cha juu, na mara nyingine mwaka. Basi juu ya ua langu, palepale pa kizingiti, nimeandika jina langu, udi, na tarehe niliyolianza daftari.

Limebaki jina. Chagua maneno mafupi, na kwa herufi kubwa kama kanga. Langu ni MWANZO KOKOCHI MWISHO NAZI, kokochi ikiwa nazi changa. Hesabu kabla ya kuandika: herufi 23 na nafasi 3, jumla 26. Kila moja nikiipa milimita 6 napata sentimita 15.6, na katika zile 17 nabaki na milimita 7 kila upande. Piga vistari vya penseli kila milimita 6 na maneno yatakaa katikati yenyewe. Epuka kijembe. Najua taarab na kanga zote zina ulimi, lakini daftari hili unalisoma wewe peke yako, na hutaki kujichoma kila jioni.

Mwenzangu wa darasani alitaka kubandika picha ya Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarab, katikati ya mji. Nampenda Bi Kidude kuliko ninavyoweza kusema, naye pia alikuwa mtu wa hina na unyago. Hata hivyo nilimshauri aibandike ndani ya jalada, mkabala na ukurasa, ili anapofungua daftari Bibi awe anamtazama na mji ubaki na nyuzi zake. Akakubali.

Sasa nikikaa na udi nafungua ukurasa huu kwanza, nauegemeza kwenye mto, nazunguka petali moja moja nikisikiliza, do, fa, la, re, sol, do. Nafasi mbili zimeshakuwa nyekundu, rasti na bayati. Hijazi bado iko kwa penseli, na Alhamisi namuomba Maalim anisikilize.