Kuripoti homa ya mafua kutoka wodini: tarehe kwanza, kijiti baadaye

Mwongozo huu ni wa nesi au tabibu aliyepangiwa kituo teule cha kufuatilia virusi vya homa ya mafua. Makosa mengi ninayosahihisha hayatokani na maabara, yanaanzia kitandani kwa mgonjwa.

Hatua ya 1: vigezo. Kwa Shirika la Afya Duniani (WHO), mgonjwa anahesabiwa akiwa na homa ya 38°C au zaidi (au akieleza kwamba alikuwa nayo), anakohoa, dalili zimeanza ndani ya siku 10, na hali yake inahitaji kulazwa. Kinachotesa ni hizo siku 10. Uliza, "Mama, homa ilianza lini?" utajibiwa, "Siku nyingi, nesi." Usiandike hivyo. Muulize: siku ya gulio mtoto alikuwa anakohoa? Ijumaa alikwenda madrasa? Rudi nyuma siku moja moja mpaka tarehe ipatikane. Usibuni.

Hatua ya 2: sampuli. Usiwachague wanaokutisha kwa kuhema. Jiwekee kanuni, mathalani wawili wa kwanza kila siku wanaotimiza vigezo, na uishike hata zamu ikikuelemea. Tumia kijiti cha kuchukulia sampuli chenye nyuzi za sintetiki; cha pamba chenye mpini wa mti huweza kuvuruga PCR, kipimo cha maabara cha kutambua virusi. Kiingize puani usawa wa kaakaa, si kuelekea juu, kizungushe taratibu, kisha kizamishe kwenye kimiminika cha kusafirishia virusi. Itunze sampuli kwenye 2–8°C, ifike maabara ndani ya saa 72. Friza ya kawaida ya -20°C usiiguse kabisa, ingawa ndiyo ya kwanza kuijia akili.

Hatua ya 3: fomu ya wiki, Jumatatu hadi Jumapili. Jaza waliolazwa wote, waliotimiza vigezo, waliochukuliwa sampuli na waliokutwa na virusi. Virusi 5 katika sampuli 10 si sawa na 5 katika 50. Usipopata mgonjwa andika 0, maana nafasi tupu husomeka kwamba hukuripoti.

Hatua ya 4: isiyosubiri fomu. Mgonjwa akisema kuku wake walikufa ghafla kabla hajaugua, huenda ni mafua ya ndege: mpigie mratibu wa ufuatiliaji wa wilaya saa hiyo hiyo. Ikithibitika ni aina mpya ya virusi vya mafua kwa binadamu, Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaitaka nchi iiarifu WHO ndani ya saa 24 baada ya tathmini. Andika rejistani saa uliyopiga simu na nani aliyeipokea.