Isome nishani ya babu kabla ya kuisugua

Mimi ni fundi saa hapa Moshi. Mara kwa mara mtu huniletea nishani ya babu yake aliyekuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), imefungwa kwenye kipande cha kanga, nyeusi tii. Ombi ni lile lile: "Fundi, ing'arishe." Tafadhali usianzie hapo.

Ishike ukingo ukutazame, kisha uumulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, mwanga ulale kabisa. Vivuli vitaziinua herufi: namba ya jeshi, cheo, jina, kikosi. Kichwa cha mfalme kimepigwa kwenye nishani nyingi, lakini ukingo ni wa mtu mmoja. Jina likikupa taabu, lisome kwa sauti mara mbili tatu. Karani Mwingereza aliliandika alivyolisikia. Mama mmoja wa Kibosho alileta ya baba yake, iliyosuguliwa kwa majivu na limau kila Krismasi. Iling'aa kama kijiko kipya. Ukingoni nilipata herufi tatu tu, na mama yule alikaa kwenye benchi langu muda mrefu bila kusema neno.

Ile yenye simba aliyemkanyaga joka la vichwa viwili ni ya Vita vya Pili vya Dunia; ukingo wake huwa mtupu, usijitese.

Mfalme anakusaidia kukisia miaka. Nishani ya utumishi mrefu ya Keya ilianzishwa 1907. George V alitawala 1910 hadi 1936, George VI hadi 1952. Kwa huyu wa pili, tafuta maandishi INDIAE IMP yanayozunguka kichwa, yaani Mfalme Mkuu wa India. Cheo hicho kiliachwa 1948, India ikiwa imeshajitawala. Yasipokuwepo, nishani yako ni ya baadaye.

Utepe wa hiyo ya utumishi mrefu ni mwekundu ulioiva, na mstari wa kijani katikati. Wekundu ule ni wa nishani za utumishi mrefu za jeshi la Uingereza. Kijani ndicho kinachoitenga ya Keya na ile ya jeshi la Uingereza lenyewe.

Familia nyingi huniambia babu alipewa kwa kuua adui. Geuza nyuma: imeandikwa ni kwa utumishi mrefu na tabia njema. Ni miaka 18 ya gwaride, lindo la usiku na safari za miguu, bila doa. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko ushujaa wa asubuhi moja, na wajukuu waambiwe hivyo.

Sasa usafi. Vumbi litoe kwa brashi laini, basi. Weusi ule ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani, hauili. Utepe usiufue, hata ukichakaa. Funga yote kwa pamba safi, na usikaze kwa mpira, maana mpira nao una salfa. Namba na jina ulivyovisoma viandike kwa penseli kwenye karatasi, uiweke humo humo.