Mvua za kwanza zikinyesha, kagua shamba: viwavijeshi huja na upepo

Wakulima wengi husema viwavijeshi "wameshuka na mvua", na kwa kweli hawako mbali. Kiwavijeshi wa Afrika ni mtoto wa nondo anayesafiri usiku, tena masafa ya mamia ya kilomita. Wako wadudu wanaoshika njia yao wenyewe: nondo wa bogong huko Australia huenda hadi kilomita 1,000 kufikia milima fulani, akiongozwa na nyota na usumaku wa dunia. Huyu wetu hupaa jioni, halafu upepo ndio unaoamua atue wapi. Pepo zikikutana penye dhoruba ya mvua, nondo waliokuwa wametawanyika hukusanywa na kushushwa mahali pamoja. Hutaga hapohapo, na nyasi changa zinazochipua kwa mvua hiyo huwa chakula cha watoto wao.

Ndiyo maana Tanzania milipuko ya mwanzo mara nyingi hutokea mikoa kama Dodoma na Morogoro msimu wa mvua unapoanza, kisha vizazi vinavyofuata husogea kaskazini hadi Kenya na Ethiopia. Ukiwa Kilimanjaro au Taita, habari ya viwavi Kilosa, mkoani Morogoro, inakuhusu.

Kijiji chenye mtego wa nondo, wenye kivutio cha harufu ya jike, kihesabu madume kila asubuhi na kumpa afisa ugani takwimu. Nondo wakiongezeka ghafla na mvua ikanyesha, usingoje tangazo. Mayai huanguliwa ndani ya siku 2 hadi 5. Anza kukagua mahindi, mtama, uwele, mpunga na malisho wiki hiyohiyo, ukifunua majani karibu na ardhi. Maharage huyaacha.

Hapa ndipo wengi wanapochelewa. Viwavi wadogo ni wa kijani na hawaonekani kirahisi. Anayeonekana barabarani, mweusi mwenye mistari, ameshakua, na sehemu kubwa ya ulaji wake hufanyika katika siku hizo za mwisho. Akiingia ardhini kuwa bundo, hatua ya kugeuka nondo, dawa haina kazi tena. Nyunyizia wakiwa wadogo, kiuatilifu kilichosajiliwa, asubuhi mapema au jioni, na uzuie mifugo isiingie kwenye malisho yaliyopuliziwa hadi muda ulioandikwa kwenye lebo upite.

Usimchanganye na kiwavijeshi vamizi aliyeingia Afrika mwaka 2016. Huyo hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na mahali penye mahindi mwaka mzima huweza kubaki, hivyo ukaguzi wake hauna msimu.