Goti likiuma, kagua na nyonga

Ukienda kupiga eksirei ya goti, omba upigwe ukiwa umesimama. Ukiwa umelala, goti halibebi uzito, na nafasi ya gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) inaweza kuonekana kubwa kuliko ilivyo.

Halafu usililaumu goti haraka. Lala chali, kunja mguu, mtu akuzungushie nyonga taratibu. Ukichomwa kinenani, huenda mkosaji ni nyonga. Maumivu yake hushuka hadi gotini, na wapo waliochua goti miaka bila nafuu. Viungo vikikaza asubuhi vikalegea ndani ya nusu saa, mara nyingi ni kusagika kwa gegedu. Vikikaza zaidi ya saa nzima, tena vimevimba na vina joto, kapime damu: huenda ni baridi yabisi, na dawa zake ni nyingine kabisa.

Fimbo ishike kwa mkono wa upande usiouma, itangulie pamoja na mguu mbovu. (Wazee wengi ninaowaona wanaishika upande ule ule unaouma!) Paja nalo lipewe kazi: keti kitini, nyoosha goti, hesabu hadi 5, shusha polepole, mara 10. Ukipungua kilo 1, goti linatuliwa takriban kilo 4 kila hatua.

Diklofenaki (dawa ya maumivu) ya dukani kila siku, hapana, hasa ukiwa na presha, figo au vidonda vya tumbo. Na kama unatarajia upasuaji wa kiungo na umechomwa humo sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), mwambie daktari mapema. Upasuaji kwa kawaida husubiri miezi 3 baada ya sindano, kuepuka maambukizi.