Somo: Njia ya kokoto kwenye mteremko isihamishwe na mvua

Mwaka wa kwanza kuhamia Goba nilimwaga tripu mbili za kokoto kuanzia barazani kushuka hadi getini. Masika ya kwanza tu, zikahama. Nyingi nilizikuta kwa jirani wa chini, naye sikumlaumu: aliziona zimemfuata nyumbani, akapigia jamvi, yaani sakafu ya zege, la banda la kuku. Mimi nikabaki na korongo katikati ya njia, gari linalala nje ya geti.

Kosa langu ni kuanza na kokoto, wakati kokoto ndiyo ya mwisho. Kazi yenyewe ni kuyatoa maji njiani yakiwa bado machache na ya polepole, maana maji yakiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Njia yangu ina mita 45 na inashuka kama mita 5, yaani asilimia 11 hivi. Maji yakishateremka yote pamoja mpaka getini, huna cha kuyafanya.

Hatua ya 1: Kalowe. Subiri mvua kubwa, toka na mwavuli na vijiti kumi. Chomeka kijiti pale maji yanapoingilia njiani, pale yanapoanza kukimbia na pale yanapochimba. Watoto walinicheka dirishani, lakini ndipo nilipogundua kwamba adui mkubwa alikuwa paa langu mwenyewe. Piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 40, hizo ni lita 6,000. Funga gata, peleka maji kwenye tangi, na yale ya kufurika yaelekeze kwenye majani.

Hatua ya 2: Laza njia upande. Isiwe bapa, na isibonyee katikati kama sahani. Shusha upande mmoja sentimita 4 hadi 5 kwa kila mita ya upana. Tumia kamba na pima maji. Kwenye mlima jicho linadanganya. Mimi nililaza upande usio sahihi na nikaapa kwamba uko sawa.

Hatua ya 3: Mtaro. Uchimbe upande ule uliolaza njia, kina sentimita 30, kuta zilale kidogo zisiwe wima. Mteremko ukiwa mkali, mtaro nao utageuka korongo, kwa hiyo weka vizuizi vya mawe ndani yake. Hapa mafundi wengi wanakosea: wanapanga mawe yakawa sawa juu kama ukuta. Maji yakijaa yanazunguka pembeni, yanakula udongo, kizuizi kinabaki kimesimama peke yake kama jino. Panga katikati pawe chini kuliko kingo. Nafasi kati ya vizuizi haihitaji hesabu: kichwa cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na mguu wa kile cha juu yake.

Hatua ya 4: Matuta ya mshazari. Hili ndilo lililoniokoa. Kila mita 15 hadi 20 jenga tuta pana, kimo sentimita 10 hadi 15, likikatiza njia kwa mshazari. Kwa njia ya mita 3, ncha ya upande wa mtaro itangulie chini kama mita 1.7 kuliko ncha ya pili. Maji yakigonga tuta yanateleza kuelekea mtaroni. Ukilijenga moja kwa moja kama tuta la barabarani, maji yatatuama nyuma yake, kisha yatalivuka.

Hatua ya 5: Sasa moramu na kokoto. Moramu (ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara) kwa matabaka ya sentimita 10, kila tabaka ulishindilie likiwa na unyevu. Fumba moramu mkononi: ishikane, isichuruzike maji. Juu yake sentimita 5 za kokoto za kupondwa pamoja na vumbi lake. Changarawe za mto ni nzuri kwa macho, ila ni za mviringo na hazishikani; zitabingirika.

Hatua ya 6: Panda vetiva, yale majani marefu ya kuzuia mmomonyoko, kwenye kingo, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15. Mizizi yake inakwenda chini sana na haitambai kuvamia bustani.

Maswali ya wadau

*Mkuu, mvua tayari zimeanza na korongo lipo. Nifanyeje leo?*
Jaza mchanga kwenye viroba, vipange kwa mshazari kama matuta ya hatua ya 4. Usifukie korongo kwa udongo mtupu, utasombwa usiku huohuo. Weka mawe makubwa chini, madogo juu.

*Kwangu ni udongo mweusi wa mfinyanzi, kokoto zinazama.*
Zitazama kila mwaka usipotenganisha. Ondoa sentimita 20 au 30 za juu, weka mawe, kisha moramu. Ukipata kile kitambaa cha ujenzi wa barabara cha kutandika chini, tandika kwanza.

*Maji yananijia kutoka kwa jirani wa juu. Nizibe?*
Ukiziba, ukuta wako utaanguka. Yapokee kwa mtaro mpakani, yashushe hadi mtaro wa barabara. Na wewe usimwelekezee wa chini. Kaeni mzungumze kabla ya sululu.

*Kwa nini usimwage zege tu?*
Pale pakali zaidi nimemwaga mikanda miwili ya zege kwa ajili ya matairi. Njia nzima ya zege ingeyapa maji mbio zaidi, na matuta na mtaro ningevihitaji vilevile.

*Jirani alirudisha kokoto?*
Hakurudisha. Nilipewa trei moja ya mayai.