Somo: Kisu cha Porini kwa Anayeanza, Kuanzia Kukinunua hadi Kukinoa

Wengi wanaoanza safari za porini huulizia bunduki kabla ya kisu. Nimeamua somo hili lihusu kisu kwa sababu mlina asali wa Tabora, mchungaji wa Simanjiro na kijana anayekwenda kupiga kambi kwenye milima ya Uluguru wote watakitumia kila siku wawapo huko, ilhali bunduki wengi wao hawataigusa maisha yao yote. Suala la bunduki nimelijibu kwenye maswali ya wanachama mwishoni mwa somo. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba kisu cha kawaida chenye makali mazuri hukishinda kwa mbali kisu cha bei kubwa kilicho butu, na kwamba anayemiliki kisu hana budi kujua kukinoa mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Kuchagua

Nunua kisu kisichokunjika, chenye bapa la sentimita 10 hadi 12 na unene wa kati ya milimita 2 na 4. Bapa refu kuliko hapo ni gumu kuliongoza unapopasua samaki au kuchonga kijiti, na kazi za kufyeka njia na kukata matawi zina chombo chake, yaani panga, ambalo karibu kila nyumba ya kijijini inalo na ambalo hakuna kisu kitakachochukua nafasi yake.

Kagua msuka, ambao ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Kwa anayeanza, kisu cha kuaminika zaidi ni kile ambacho msuka wake unafika hadi mwisho wa mpini ukiwa na upana unaokaribia ule wa bapa, na mpini wenyewe ni vipande viwili vya mti vilivyobanwa pande zote mbili. Hata hivyo, sheria hii isishikwe kwa ukali kupita kiasi, kwa sababu visu vyepesi vya Mora kutoka Uswidi vina msuka usiofika mwisho na bado vinafanya kazi ya miaka mingi mikononi mwa watu wasiovitumia kama nyundo. Kisu cha kukunja nacho kina faida zake mfukoni, lakini kiwe na kizuizi imara. Opinel ya Ufaransa, kwa mfano, ina pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisijifunge juu ya vidole.

Ninawasihi wanaoanza waviepuke visu vyenye mpini ulio wazi ndani, vinavyouzwa vikiwa na dira kwenye kifuniko na ndoano za samaki ndani ya mpini. Bapa la visu hivyo limeshikizwa kwa kipande kifupi tu cha chuma, na hapo ndipo linapokatikia siku ya kazi nzito. Meno ya msumeno yaliyochongwa mgongoni nayo hayakati mti ipasavyo, na humnyima mtumiaji mgongo ulio bapa wa kuegemezea kidole gumba au kugongea kwa rungu.

Kuhusu chuma, kuna makundi mawili makubwa. Chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi na hushika makali vizuri, ila hupata kutu upesi. Kile kisichoshika kutu kwa urahisi kimechanganywa na kromiamu, kwa kawaida si chini ya asilimia 10.5, nacho humfaa mtu wa pwani na mvuvi kwa sababu ya chumvi. Wahunzi wetu wengi hufua visu, sime na mapanga kutokana na springi za magari, na hicho ni chuma kizuri kweli. Ukinunua kwa mhunzi, jambo la kuuliza ni kama alikichovya kisu kwenye mafuta kikiwa chekundu na kisha akakipasha tena kwa moto mdogo. Mwombe akuruhusu kupitisha tupa taratibu karibu na makali: ikiteleza bila kung'ata, chuma kimekomaa; ikizama na kutoa vumbi kwa urahisi, kisu hicho kitakuwa butu kabla ya jioni.

Hatua ya pili: Ala

Ala ikibane kisu kiasi kwamba ukiigeuza juu chini na kuitikisa kisu hakitoki. Ivae ubavuni au nyuma kidogo ya nyonga, wala si mbele ya tumbo, kwa maana mtu anapojikwaa huanguka mbele.

Hatua ya tatu: Kukitumia bila kujiumiza

Kabla ya kuanza kazi, nyosha mkono ulioshika kisu kikiwa bado ndani ya ala na uuzungushe pande zote. Mtu yeyote anayeguswa na duara hilo asogee. Kaa chini, viwiko vikiwa juu ya magoti, na uchonge kuelekea nje. Usichonge kitu kati ya mapaja, kwa sababu ndani ya paja umepita mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatwa mtu anaweza kupoteza maisha ndani ya dakika chache, mbali na zahanati yoyote. Kisu kikikuponyoka, kiache kianguke na urudishe miguu nyuma. Unapompa mwenzako, kiweke chini naye akiokote, au umpe mpini ukiwa umetangulia na makali yakiwa yametazama mbali na vidole vyenu wote wawili.

Kila anayebeba kisu abebe pia kitambaa safi na bendeji. Ukijikata, bonyeza kidonda moja kwa moja kwa nguvu bila kufunuafunua ili kuangalia, inua kiungo, na damu isipokoma tafuta msaada ukiwa bado umebonyeza.

Hatua ya nne: Kunoa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapokata tamaa. Tafuta kinoo chenye pande mbili, upande mmoja wa namba 400 hivi na mwingine wa namba 1000 (namba ikiwa ndogo kinoo ni cha kukwaruza, ikiwa kubwa ni laini). Kiweke juu ya kitambaa kilicholowa ili kisiteleze, na ukinyunyizie maji hadi uso wake ung'ae.

Pembe inayofaa kisu cha porini ni nyuzi 20 hivi kila upande. Huhitaji kipimo: simamisha kisu wima juu ya kinoo, hiyo ni 90, kilaze hadi nusu, hiyo ni 45, kilaze tena nusu ya hapo, nawe umekaribia 22, ambayo inatosha kabisa. Sasa paka wino wa kalamu nene kwenye ukingo wa makali na upitishe kisu mara chache. Wino ukifutika juu tu, karibu na bapa, umekilaza mno. Ukifutika kwenye ncha ya makali pekee, umekiinua mno. Ukifutika sawasawa kuanzia juu hadi chini, umeipata pembe yako, na kazi iliyobaki ni kuihifadhi mkononi.

Sukuma kisu kana kwamba unachuna ngozi nyembamba ya kinoo, kuanzia karibu na mpini hadi nchani, ukiinua mpini kidogo unapofika kwenye mpindo wa ncha. Endelea na upande huo huo hadi utakapohisi unyuzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Unyuzi huo ni vigumu kuuona kwa macho, lakini ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake, utausikia unakwaruza. Ni dalili kwamba umefika kwenye makali yenyewe, na anayegeuza kisu kabla ya kuupata anapoteza muda tu. Ukishausikia urefu wote, geuza upande, fanya vivyo hivyo, kisha hamia namba 1000 na upunguze nguvu ya mkono kila unapobadilisha upande.

Maliza kwa kukiburuza kisu juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, ili mabaki ya unyuzi yatoke. Kisu kilicho tayari hukata karatasi ya gazeti iliyoshikwa hewani bila kuichana. Panga linanolewa kwa namna hiyo hiyo, ila kwa tupa na kwa pembe kubwa zaidi, nyuzi 25 hadi 30, kwa sababu makali membamba huvunjika yanapopigwa kwenye mti mkavu.

Hatua ya tano: Kutunza

Kifute na kukikausha kila baada ya kazi, kisha kipake mafuta kidogo; ya cherehani yanafaa, na kama kisu hicho kinakata chakula, tumia mafuta ya nazi. Usikihifadhi miezi mingi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hutunza unyevu.

Maswali ya wanachama

Swali (Iringa): Shikamoo mwalimu. Nilipeleka kisu changu kwa fundi mwenye jiwe la umeme, kikarudi kikiwa kikali sana, lakini sasa hakimalizi hata siku moja. Tatizo ni nini?

Jibu: Marahaba. Tazama ukingo wa makali. Ukiona rangi ya kahawia au samawati, chuma kilipata moto. Rangi ya samawati hutokea joto likikaribia nyuzi 300 za Selsiasi, na hapo ugumu aliouweka mhunzi au kiwanda hupotea. Kinoe kwa mkono kwenye namba ya chini, taratibu, hadi sehemu iliyoungua iishe yote. Siku nyingine fundi akichovye kwenye maji kila baada ya mguso mfupi, au afadhali usikipeleke kabisa.

Swali (Tanga): Kisu changu cha kaboni kimekuwa cheusi baada ya kukata malimau na maembe mabichi. Je, kimeharibika?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Asidi ya matunda imeacha utando mweusi ambao kwa kiasi fulani hukinga chuma. Kinachopaswa kukutia hofu ni kutu jekundu, nalo liondoe mapema kwa msasa laini na mafuta.

Swali (Mugumu): Naweza kuingia hifadhini na kisu na panga langu kwa ajili ya kuni?

Jibu: Usifanye hivyo bila kibali. Sheria za hifadhi za taifa na ile ya wanyamapori ya mwaka 2009 hapa Tanzania haziangalii bunduki pekee. Watu wengi wameshtakiwa kwa kukutwa na panga, kisu au nyaya za kutegea ndani ya Serengeti, na wengine wamefungwa. Ukienda kama mgeni, waulize askari wa hifadhi langoni kabla ya kuingia. Mjini pia, kisu chako cha kambi kikae ndani ya begi, na kwenye ndege kiwekwe kwenye mzigo unaokabidhiwa.

Swali (Voi): Mimi naanza kabisa na ningependa kununua raifo ya .22. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye sheria. Huko Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na leseni kabla ya kuimiliki, na uwindaji wa michezo umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo matumizi yake halali kwako yangekuwa kulenga shabaha katika klabu iliyoruhusiwa. Tanzania inaongozwa na sheria ya silaha na risasi ya 2015, nayo pia inataka leseni. Jiunge na klabu ujifunze kwa silaha yao kwanza. Kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi, mdomo wake usielekee usichokusudia kukipiga, kidole kikae nje ya kifyatulio hadi shabaha iwe tayari, na ujue kilichopo nyuma ya shabaha, kwa sababu hata risasi ndogo ya .22 husafiri zaidi ya kilomita moja.

Swali (Songea): Kinoo kikisahaulika nyumbani, nitanolea nini porini?

Jibu: Pindua kikombe cha kauri. Ile pete ya chini isiyong'aa ni ngumu kuliko chuma cha kisu, nayo inatosha kurudisha makali yaliyochoka kidogo. Ukikosa kikombe, tafuta mtoni jiwe bapa lenye chembe ndogo, lilowanishe, na utumie pembe ile ile. Kwa kisu kilichopata pengo subiri hadi urudi nyumbani, kwani pengo linahitaji namba 400 na uvumilivu.