Soda kwa Mkimbiaji wa Mbio Ndefu: Itoe Gesi Kwanza

Anayekimbia kilomita 20 kutoka Raskazone kuelekea barabara ya Pangani anajua jinsi unyevu wa Tanga unavyolizuia jasho kukauka, na jinsi kiu inavyomvuta kwenye friji ya duka la kwanza. Soda atakayoichukua humo si sumu. Inayomharibia mbio ni namna ya kuinywa.

Gesi ndiyo kero ya kwanza, kwani hulijaza tumbo, mbweu humkatiza pumzi, naye akajiona ameshiba kabla hajarudisha maji aliyoyapoteza. Sukari nayo ni nyingi: chupa ya mililita 300 huwa na takriban gramu 32, zaidi ya asilimia 10, ilhali vinywaji vya wanamichezo huwa na asilimia 6 hadi 8, na kinywaji kizito hukawia kutoka tumboni. Chumvi, ambayo jasho huiondoa mwilini, karibu haimo.

Hata hivyo, sukari hiyo hiyo ni nishati ya misuli. Frank Shorter wa Marekani, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alikunywa njiani kola iliyokwisha gesi.

Ili kuitayarisha, imimine soda kutoka chombo kimoja hadi kingine, kama unavyopoza chai, mpaka povu lipungue. Kisha tia chumvi ya kubana kwa ncha za vidole viwili. Soda itafura ghafla ikitoa gesi iliyobaki, kwa hiyo tumia jagi kubwa. Ongeza maji mililita 150, na sukari itashuka hadi asilimia 7 hivi. Onja: ikiwa bado inauma ulimi, endelea kuimimina.

Kwa mazoezi yasiyozidi saa moja, maji yanatosha. Yakizidi hapo, kunywa mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20. Mwili huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na sukari ya soda ni wanga pia, hivyo mchanganyiko wa chupa moja hutosha saa nzima. Kola iwekee kilomita za mwisho, ingawa kafeini yake ni haba, takriban miligramu 30 kwa chupa, na mzoefu wa kahawa ya kijiweni huenda asiihisi.

Ukimaliza, sukutua kwa maji, kwa kuwa asidi ya soda hulainisha meno, na usubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.